Aliyemchongea Mzee Swalehe

Jambo lote hili liligharimu siku kumi na tisa, baiskeli moja ya Kichina, na nafasi ya mtoto wa kike kidato cha kwanza. Nimehesabu mara mbili, na mara zote mbili jumla imetoka ileile. Katika hivyo vitatu, mimi sikulipa hata kimoja. Lishikeni hilo mnaponisoma: aliyefanya kosa alikuwa mmoja, aliyelipa alikuwa mwingine.

Ninyi vijana wa maghala ya sokoni mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi. Mmesema mimi ndiye karani wa zamani aliyebaki hapa Songea akiwa na meno na kumbukumbu kwa wakati mmoja. Nilivyosikia sifa hizo nikawatilia shaka. Mtu akikusifu kabla ya kukuomba, tazama mkono wake mwingine umeshika nini. Lakini nimekubali, kwa sababu Mzee Swalehe aliyenifundisha kazi amefariki, na ameniachia swali ambalo siwezi kuwauliza wa rika langu. Wa rika langu watalijibu kabla sijamaliza kuuliza, na kesho yake litakuwa limefika Mbinga.

Mzee Swalehe alikuwa msimamizi wa ghala. Mtu wa Tunduru, Myao, mwembamba kama mpini wa jembe, wa sala tano bila kukosa. Miaka mingi alikuwa ghalani kwa ushirika. Ilipokuja miaka ya ruksa, kila mwenye lori na sauti kubwa akawa mnunuzi wa mahindi, ushirika ukapunguza watu, naye akapunguzwa. Akachukuliwa na tajiri mmoja aliyefungua ghala lake mwenyewe mjini, upande wa barabara ya kwenda Ruhuwiko. Tajiri huyo simtaji jina. Ana wajukuu, na wajukuu wana mawakili.

Kitu cha kwanza alichonifundisha ni bambo. Najua siku hizi mna mashine inayosoma unyevu na kuwaonyesha namba, lakini betri ikiisha mnabaki mnatazamana. Bambo haliishi betri. Ni chuma chenye ncha na mfereji; unalichoma kwenye gunia, linatoka na punje kutoka tumboni.

"Mtu unaweza kumsoma machoni, binti," alikuwa akiniambia. "Gunia halina macho. Lisome tumbo."

Nilimsikia nusu, kama mnavyonisikia ninyi. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua magunia kumi na mawili kwa baba mmoja wa njia ya Namtumbo, mtu wa tabasamu, aliyeniita "mama karani" wakati nilikuwa sijapata hata mchumba. Nilichoma bambo juu, karibu na mdomo wa gunia, mahindi yakatoka meupe, safi. Kumbe alisimamisha bomba pana katikati ya gunia, akalijaza pumba, akazungushia mahindi mazuri, kisha akalivuta bomba taratibu. Pumba zikabaki katikati kama mfupa kwenye nyama. Magunia yote kumi na mawili.

Mzee Swalehe hakunigombeza. Aliagiza pumba zote zipelekwe nyumbani kwetu, mkokoteni mzima, na mpeleka mzigo akaambiwa amwambie mama yangu, "Hii ni kazi ya mwanao." Tulifuga kuku kwa pumba zile. Walinenepa sana, na kila nilipokula mmoja wao nilikuwa nakula na somo. Tangu siku hiyo nachoma bambo ubavuni, kwa kukingama, mara mbili. Muuzaji akinuna, namwongezea la tatu.

Cha pili ni chupa. Tia mahindi kwenye chupa kavu, weka kijiko cha chumvi kavu, tikisa, ngoja kidogo. Chumvi ikishikana na kioo, mahindi bado mabichi, yatakuozea ghalani. Muuzaji ataapa kwa jina la marehemu mama yake. Mwache aape. Chumvi haina ndugu Songea.

Na cha tatu ni lumbesa, ile shungi ya juu ya gunia ambayo mnunuzi anataka ijazwe mpaka gunia livae kilemba. Mzee Swalehe alikuwa hanunui lumbesa. Wanunuzi wengine walimcheka, wakasema huyu anafanya sadaka kwa ghala la mwenzake. Yeye alisema, "Mkulima ukimnyang'anya kilemba mwaka huu, mwakani atakuja na bomba." Niliona ni maneno ya kizee. Kisha nikakumbuka kuku wangu.

Basi, sasa niwapeleke kwenye Januari ile.

Ilikuwa kabla ya mambo ya pumba. Nilikuwa na wiki chache tu kazini. Tajiri aliniajiri kwa sababu nilimaliza kidato cha nne na mwandiko wangu ulisomeka. Alitaja mshahara, nikacheka kidogo. Akataja mwingine, nikaangalia mlango. Alipotaja wa tatu nikasema, "Nianze kesho?" Akamwambia Mzee Swalehe, "Huyu mwangalie, ana ulimi wa soko." Niliona ni sifa.

Meza yangu ilikuwa dirishani, nyuma kabisa ya ghala, kwa ajili ya mwanga. Lori lilikuwa linarudi kinyumenyume mpaka mlango wa mbele. Kati yangu na mlango kulikuwa na ukuta wa magunia kufika darini. Sikuona mlango, wala lori, wala mtu. Nilikuwa nasikia tu. Mzee Swalehe alisimama mlangoni, kila mbebaji akipita analigusa gunia na kuita namba kwa sauti ya kuimba, nami kwa kila namba napiga kijiti kwenye karatasi. Vijiti vinne, na cha tano kinalala juu yao. Lori likijaa, anaita jumla yake, nami natazama jumla yangu.

Lori la kwanza yeye akaita mia na ishirini. Mimi nikawa na mia na kumi na tisa. Nikasema, Kristina, umesinzia.

Lori la pili, yeye mia na ishirini, mimi mia na kumi na tisa. Na sikusinzia.

Lori la tatu nikaweka kalamu chini nikategesha sikio. Nikamsikia anaanza: "Bismillahi." Vizuri, mzee anaomba. Kisha: "Mbili. Tatu. Nne."

Moja iko wapi?

Mimi ni Mngoni, nimelelewa parokiani. Kwetu mtu anafanya ishara ya msalaba, anaimaliza, ndipo anainua mzigo. Sala ni sala, gunia ni gunia. Kwa hiyo nilipomsikia mtu anasali halafu anaanza na mbili, nilielewa jambo moja tu: huyu anaruka. Kila lori linaondoka na gunia moja la hewa, na gunia lenyewe la mahindi linakwenda anakokujua yeye. Na nikamvulia kofia moyoni, maana ulikuwa wizi safi sana, wa kujificha ndani ya jina la Mungu.

Nilimwendea Bosko, mbebaji wetu mkubwa, Mmatengo mwenye shingo kama kinu.

"Bosko, hivi huyu mzee anahesabu vizuri?"

"Anahesabu vizuri, dada. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

"Mimi ukiniuliza, anahesabu vizuri mno. Angesahau hata mawili matatu mgongo wangu upumue."

Nikamwandika Bosko naye kwenye orodha ya washukiwa.

Mtauliza kwa nini sikumuuliza mzee mwenyewe. Ni swali zuri, na mngekuwepo mngenisaidia. Lakini mimi nilikuwa mjanja. Niliamini mwizi haulizwi, anachunguzwa. Ukimuuliza umempa muda wa kupanga. Hivyo nikachunguza malori kumi na moja. Yote kumi na moja yalipungua moja moja. Kosa la bahati mbaya halina nidhamu ya namna hiyo, nikajiambia. Nikakunja karatasi zangu nikaenda kwa tajiri.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kuongezewa?"

"Nimekuja kukuonyesha vijiti."

Akavisoma. Akavaa miwani akavisoma tena. "Kumi na moja?"

"Kumi na moja. Anaruka moja. Anaanza na mbili, nimemsikia kwa masikio yangu."

"Una hakika, binti?"

"Nimehesabu mara mbili."

Akasema neno ambalo limeniweka hai mjini hapa mpaka leo: "Wewe hukuja, na mimi sikukuona."

Kesho yake alikuja kuhesabu ghala mwenyewe. Magunia yaliyobaki yalilingana sawasawa na daftari la Mzee Swalehe. Mngefikiri hilo lilimwokoa. Ndilo lililommaliza. "Kama karani anasema hayakupanda lori," tajiri akasema, akajishika ulimi akarekebisha, "kama karatasi inasema hayakupanda lori, na ghalani hayamo, basi haya kumi na moja yameota miguu." Akanyoosha mkono apewe funguo.

Mzee Swalehe alizifungua kiunoni polepole, zile za kufuli kubwa na zile ndogo. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu, "Nani kahesabu?"

"Karatasi," tajiri akajibu.

"Karatasi haina macho, bwana."

Sijui aliposema hivyo alikuwa anamtazama nani. Mimi nilikuwa natazama meza.

Tajiri alisema mzee akae nyumbani mpaka hati za kupokelea mzigo zirudi kutoka Dar es Salaam, zionekane huko zimehesabiwa ngapi. Mtasema, si angepiga simu? Simu ya Dar wakati ule unaifuata posta asubuhi, unapanga foleni, ukiipata mchana unaambiwa uliyemtaka ametoka, na hujui kama ametoka kweli. Hati zilikuja kwa mkono wa dereva, na dereva alikuja akimaliza shughuli zake, na shughuli za madereva wa masafa mnazijua.

Hiyo ndiyo siku ya kwanza katika zile kumi na tisa.

Mji ulishughulika. "Hata wa sala tano!" walisema vijiweni, kana kwamba walikuwa wakimngoja. Duka alikokuwa akichukua sukari likakumbuka ghafla kwamba haliuzi kwa mkopo. Wiki ya pili ikaonekana baiskeli yake imebeba mtu mwingine. Na binti yake, Mwanahawa, alikuwa amechaguliwa kidato cha kwanza shule ya bweni nje ya mkoa, wa kwanza katika ukoo wao wote. Alitakiwa kwenda na sanduku, godoro, sare mbili na nauli. Baiskeli ile ilikuwa iwe sanduku na godoro. Ikawa unga na maharage.

Mimi nikapewa kusimama mlangoni mahali pake. Nilijisikia mkubwa. Niliita namba kwa sauti mpaka Bosko akaniambia, "Dada, magunia hayana uziwi."

Siku ya kumi na mbili alikuja mama mmoja mfanyabiashara kutoka Tunduru, kununua magunia thelathini. Kwao korosho nyingi, mahindi kidogo. Alikuwa mama wa kanga mbili na macho manne. Akakataa nimhesabie. "Pesa yangu, kinywa changu," akasema. Akasimama kando yangu, Bosko akainama, mama akaweka kiganja juu ya gunia la kwanza.

"Bismillahi."

Gunia likapanda mgongoni kwa Bosko, likaenda. Likaja la pili.

"Mbili."

Vijana, nilihisi baridi, na jua lilikuwa la saa sita.

"Mama, samahani," nikasema. "Moja iko wapi?"

Akanitazama kama mtoto aliyeuliza pua yake iko wapi. "Si ile inakwenda mgongoni kwa kijana? La kwanza analitangulia Mwenyezi Mungu. Mwanadamu anaanzia mbili. Kwani ninyi mkianza kazi hammtaji Mungu?"

"Tunamtaja, mama. Ila hatumbebeshi gunia."

Mama alicheka mpaka kanga ikamdondoka. "Tatu!" akaendelea. "Nne! Usinipotezee!"

Alipoondoka nikamfuata Bosko nyuma ya ghala. "Wewe ulikuwa unajua?"

"Kujua nini?"

"Kwamba Bismillahi ni gunia."

"Wazee wa Tunduru wote wanahesabu hivyo. Nimewabebea watatu."

"Na mbona hukuniambia!"

"Uliniuliza kama anahesabu vizuri. Nikakwambia anahesabu vizuri." Akajifuta jasho, akanitazama, na nikaona jambo linamwingia kichwani polepole, kama maji yanavyoingia kwenye gunia. "Kwani, dada, ulitaka kujua kwa ajili gani?"

"Nauliza tu," nikasema tena.

Sasa hapa ndipo nataka mnisome taratibu. Kosa la zile siku kumi na mbili nimeshajisamehe. Lilikuwa la masikio na malezi. Mtu anaweza kuishi jirani na watu miaka ishirini asijue wanavyohesabu. Lakini kutoka siku ya kumi na mbili mpaka ya kumi na tisa kuna siku saba. Siku hizo saba nilikuwa najua. Ilikuwa ni mwendo wa dakika kumi kutoka ghalani hadi ofisini kwa tajiri. Sikwenda.

Nilijiambia hati zinakuja, zitamsafisha zenyewe, ya nini kujichoma. Nilijiambia tajiri atanifukuza, na nyumbani wananitegemea. Nilimpa Mungu bei: hati zifike kesho, nami nitafunga Ijumaa zote za Kwaresima, na Jumatano nyongeza. Hakupunguza hata kidogo. Siku ya mwisho ya kuripoti shuleni kwa Mwanahawa ilikuwa siku ya kumi na sita, na nilijua, maana mji mzima ulijua. Siku hiyo nilikuwa mlangoni nahesabu. Sikukosea hata gunia moja.

Siku ya kumi na tisa hati zikafika, na mihuri yake. Mia na ishirini, mia na ishirini, mpaka chini. Tajiri alizitazama muda mrefu, kisha akaniita.

"Wewe binti, huna masikio au huna akili?"

"Sikuelewa hesabu yao, mzee."

Sikumwambia nimeielewa lini.

Hakunifukuza. Nadhani aliona akinifukuza, mji utauliza kwa nini, na yeye ndiye aliyechukua funguo. Kwa Mzee Swalehe hakuomba radhi. Alimpelekea mchele na mafuta ya kula, maana ndiyo lugha aliyoijua. Nafasi ya shule ilikuwa imeshapewa mtoto mwingine. Mwanahawa akapelekwa kujifunza cherehani.

Asubuhi aliyorudi, mzee alipita moja kwa moja hadi dirishani, akaiinua meza yangu mwenyewe, vitabu juu yake, akaibeba hadi mlangoni, akaiweka palipo na vumbi na moshi wa lori.

"Karani akae anapoona," alisema. Basi.

Lori la kwanza siku hiyo, akaweka kiganja juu ya gunia. Akasema, "Bismillahi." Akanyamaza kidogo, Bosko akingoja ameinama. Ndipo akasema, "Moja."

"Mzee, umebadili?" Bosko akauliza.

"Mji umejaa wageni," akajibu. "Tuhesabu kwa lugha ya wote."

Tangu siku hiyo mimi ni mtu wa kushuku. Mnanijua kwa sifa hiyo sokoni. Mnasema Mama Kristina hata chenji ya kanisani anaihesabu. Ndiyo, naihesabu. Lakini mtu niliyemshuku kuliko wote ni Mzee Swalehe, kwa sababu alinitendea wema usio na bei. Bambo, chupa, kutambua gunia lililofunguliwa likashonwa upya kwa kutazama matundu ya sindano, kunusa ghala asubuhi kabla ya kuingia ujue kama kuna fukusi wanaotoboa mahindi, yote alinipa. Aliniita mwanangu mbele ya watu. Alipostaafu alinipa bambo lake. Maisha yangu yote nimenunua na kuuza, na sijapewa kitu ambacho bei yake haikuja nyuma. Hiki nimekingoja bei yake, haikuja.

Je, alijua? Nimeupima ushahidi kila upande. Aliihamisha meza, basi alijua. Lakini msimamizi yeyote mwenye akili angeihamisha. Alibadili hesabu, basi alijua kosa lilivyotokea. Lakini tajiri anaweza kuwa alimweleza hesabu bila kumtaja mhesabuji. Sasa, ghala lilikuwa na karani mmoja tu, angedhani nani? Miaka yote hapo nilikuwa nakwama, naanza upya.

Mara moja nilikaribia kumwambia. Tulikuwa tumetoka kutazama mahindi Hanga, tairi likapasuka njiani, tukakaa kando ya barabara mimi na yeye, utingo anahangaika na jeki. Nikavuta pumzi.

"Mzee, kuna jambo la ile Januari."

"Eee, ile Januari," akasema. "Mvua ilikuwa nyingi mno ile Januari, mwanangu."

Akazungumzia mvua. Mvua ya mwaka ule, ya mwaka wa nyuma yake, ya Tunduru alipokuwa mdogo. Akaizungumza mpaka tairi likawa tayari. Hadi leo sijui kama alinifunga mdomo kwa makusudi, au alikuwa mzee anayependa mvua.

Amefariki mwezi uliopita, nyumbani kwake Ruhuwiko, usingizini, baada ya sala ya alfajiri. Nilikwenda msibani, nikakaa mkekani na wanawake. Siku ya tatu Mwanahawa akaja kukaa ubavuni kwangu. Sasa ni fundi mkubwa, ana vyerehani sita na wajukuu wawili. Bado ananiita dada.

"Dada Kristina, baba alikupenda sana."

"Nami nilimpenda."

"Ile Januari ulikuwepo ghalani."

"Nilikuwepo."

"Nani alimchongea?"

Mimi ni mtu wa soko. Swali nalijibu kwa swali. "Kwa nini unauliza leo, mdogo wangu?"

"Kwa sababu baba alikataa kutuambia maisha yake yote. Alisema tukimjua tutamchukia, na yeye hataki mtu huyo achukiwe. Sasa hayupo. Siku ya arobaini nataka nisimame mbele ya watu niseme nimemsamehe. Lakini nitamsamehe nani? Siwezi kushona nguo ya mtu nisiyempima."

Kumbe alijua. Siku zote zile, kumbe alijua. Nikatazama mkeka.

"Watu wanasema alikuwa Bosko," Mwanahawa akaendelea, taratibu. "Wanasema alitaka usimamizi."

Bosko tulimzika miaka mingi iliyopita. Hawezi kujisemea. Mke wake yupo, na watoto wake wako hapahapa mjini, na wawili kati yao mnafanya nao kazi.

"Usiseme Bosko," nikamwambia.

"Basi niseme nani?"

"Nitakujibu siku ya arobaini."

Akanishika mkono, akaukaza, akainuka kwenda kugawa chai. Na mimi, kwa tabia yangu, nikabaki nashuku. Anauliza kwa sababu hajui, au anauliza kwa sababu anajua na ananipa nafasi niseme mwenyewe? Alinitazama usoni kwa muda mrefu kuliko anavyotazamwa asiyeshukiwa. Au ni uchovu wa msiba tu.

Arobaini ni Jumamosi ya wiki ijayo. Kwamba nitasimama niseme ni mimi, hilo nimeshakata shauri. Bosko alibeba magunia yangu ya kutosha alipokuwa hai. Ninachowauliza ninyi ni kiasi cha kusema. Nikisema nilikosea hesabu, Mwanahawa atanisamehe. Amekwisha kujiandaa kumsamehe mtu wa namna hiyo, na nguo itanikaa. Nikisema pia kwamba nilijua wiki nzima, nikanyamaza huku siku yake ya shule ikipita, hapo sina hakika naye, na sitamlaumu. Hilo baba yake hakulijua. Au alilijua, sijui. Mtu akiwa amekuja na msamaha wa nusu, ni haki kumletea kosa zima? Na nisipomletea, huo msamaha atakuwa amempa nani?

Sitaki mniambie Mungu anasamehe. Hilo nalijua, naye nimeshajadiliana naye. Nataka mmoja wenu aliyewahi kumwambia mtu jambo ambalo angeweza kulificha mpaka kaburini. Kama yupo, aje nyumbani kabla ya Ijumaa. Nitampikia. Akishakula aniambie alianza na neno gani, na yule mtu alifanya nini lilipomtoka.